Nanga ya babu yako

Mwanangu,

Marahaba, na salamu za mama yako ziko pamoja na zangu. Barua yako niliisoma barazani, nikairudia kwa sauti ili ami yako asikie, tukacheka mpaka jirani akatoka kuuliza kuna nini. Umewaambia wanafunzi wako huko Eldoret kwamba nanga ya babu yao wa Lamu, iliyozama Shela, haina haja ya kutafutwa, itarudi yenyewe: kutoka Shela hadi gati la Lamu ni kilomita 3, mabamba ya dunia, yale mapande makubwa ya gamba lake, yanatembea milimita 6 kwa mwaka, basi tungoje miaka laki tano tu. Unaniuliza kama hesabu iko sawa.

Kugawanya umegawanya vizuri. Lakini nimekifungua kile kitabu cha jiografia ulichokiacha kabatini, nikaitazama ramani. Shela, gati, nyumba yetu na ile nanga vyote vimepanda bamba moja, bamba la Somali. Ni abiria wa chombo kimoja: mashua iende itakako, aliyeketi omo, mbele, hamsogelei aliyeketi tezi, nyuma. Hata tungoje hiyo laki tano, nanga haitakaribia gati. Anayeachana nayo ni wewe, uliye ng'ambo ya Bonde la Ufa. Tena hizo milimita 6 au 7 ni za upande wa Ethiopia. Kwetu Kenya ni pungufu. Kucha za mtu hukua zaidi ya hapo kwa miezi mitatu. Tangu 1991 ilipozama, nanga na Eldoret hazijaachana hata shibiri. Mama yako aliposikia akasema hata hiyo shibiri ni nyingi.

Sasa kuna neno moja katika barua yako limenikaa kooni. Umewaambia watoto kwamba nanga "ilipotezwa na ami". Najua umelitoa wapi. Mimi ndiye niliyeisimulia hivyo miaka yote.

Tulitoka Malindi na kusi, upepo wa kusini, tumepakia saruji. Tulifika mlangoni, kati ya Shela na Ras Kitau, magharibi inaingia, na maji yanapwa kwa nguvu za bamvua, siku za maji makubwa. Mkondo ulikuwa unatutema nje. Nikaona tutie nanga, tungoje yajae. Nikampigia ami yako ukelele atose, upesi, na akatosa ile baura, nanga kubwa ya babu yako, yenye kovu la nyundo kwenye shina, unalikumbuka nilivyokuchorea. Amari, kamba ya nanga, ikatoka, ikatoka, kisha nikaiona ncha yake inaruka ukingo wa omo, nyeupe pe, ikapiga maji kama mkia wa nguru. Basi.

Ilikuwa imefungwa. Imefungwa mlingotini, na aliyeifunga asubuhi ile Malindi ni mimi. Babu yako alitumia amari ya makumbi ya nazi, ambayo ikichopoka huelea, ukaifuata. Mimi nilikuwa nimenunua nailoni, nikaisifu barazani wiki nzima. Nailoni ikiwa mpya huteleza. Fundo linalotosha makumbi haliitoshi. Na ikienda, inazama.

Lakini mtosaji nanga hukagua fundo kwanza! Babu yako alitufundisha hivyo sote wawili, na hilo nitalisema mpaka niingie kaburini. Ami yako hakukagua. Ila alikuwa na miaka kumi na saba, na nahodha aliyemhimiza upesi ni mimi. Kesho yake gatini, mbele ya wachukuzi, nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya binti yangu. Hakunijibu. Alisimama na mfuko wa saruji begani, akangoja nimalize, kisha akaendelea kushusha.

Bahari haiibi, nimekwambia tangu ukiwa mdogo. Bahari inaweka. Kwa hiyo sikukata tamaa. Tulingoja tanga mbili, majira pepo zinapobadilika, matope ya kusi yatulie, tukachagua siku za maji mafu, mkondo unapolegea. Alama nilizishika jioni ile ile kabla giza halijaingia: mnara wa Msikiti wa Ijumaa wa Shela, na kilele cha kilima cha mchanga nyuma ya mji. Ami yako akaniambia kwa upole, "Kaka, mchanga si alama. Kusi yote imekuwa ikiusukuma." Nikamwambia anyamaze, azamie. Akazamia siku nne, pima tano kwenda chini, macho mekundu kama pilipili.

Ndiyo maana nilipofika kwenye ukurasa wa yule Mjerumani, Alfred Wegener, nilikifunga kitabu kwa muda. Mwaka 1912 alisema mabara yanahama. Wataalamu wengi wakamkataa, naye akafia Greenland mwaka 1930 bado wanamkataa. Ikabidi watu waende kupima sakafu ya bahari, ndipo miaka ya 1960 wakakubali. Ushahidi uliowashawishi ulikuwa chini ya maji. Bahari inaweka! Mwaka uliofuata nami nilipita Shela, nikakiona kile kilele kimeshahama, kiko upande mwingine kabisa wa mnara.

Siku ya tano kulabu ilinasa. Wallahi tulivuta huku tunaimba. Ikatoka nanga ya makombe manne, zile ncha za kunasia, imejaa chaza, na si yetu. Ilikuwa ya mzee mmoja wa Shela, aliyekwisha kuisahau. Aliipangusa kwa kikoi chake, akatuchinjia kuku wawili. Sijamwona ami yako akicheka vile tena. Yetu hatukuipata.

Mara moja mabamba yalitufikia kweli: Desemba 26, 2004. Bamba lililokuwa limekwama kule Sumatra lilichomoka mita kadhaa kwa dakika chache, na mchana wake maji ya pwani yetu yakawa yanakupwa na kujaa nje ya saa zake. Malindi mtu alikufa. Kesho yake alfajiri nilimwona ami yako anatembea peke yake ufukoni Shela, ameinama, anapekua mwani kwa mguu. Hakuniambia anatafuta nini. Sikumuuliza. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita.

Sasa kosa ni la nani? Jibu ninalo, na kalamu iko tayari. Lakini yeye ameketi hapa mbele yangu anamenya chungwa, na hajawahi kuniuliza.

Wanafunzi wako waambie nanga iko palepale. Ukija Idd, njoo na kile kifaa cha kupimia mahali ulichokitaja. Ami yako atatupeleka na mashua yake. Amari ya makumbi nimeisokota mwenyewe, pima thelathini, na fundo atafunga yeye.

Baba yako