Mabaka ya mimba hayataki mkorogo

"Wifi, umeungua na nini?" Niliulizwa hivyo mimba yangu ya pili ilipofika mwezi wa sita. Mabaka ya kahawia yalikuwa yametanda mashavu yote mawili na juu ya mdomo. Hayakuwasha wala kuuma. Nilipojifungua yalipungua, nikaanza vidonge vya majira, yakarudi yamekolea kuliko mwanzo.

Ndipo nikafanya kosa ambalo nakuomba, dada yangu, usilifanye: nikanunua mkorogo. Wiki tatu uso uling'aa, nikasifiwa. Nilipouacha, ngozi ikawa nyembamba, chunusi zikafumuka, mabaka yakazidi weusi. Daktari wa ngozi alinieleza kwamba mikorogo mingi huwa na steroidi (dawa kali ya uvimbe na mwasho), haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi) au zebaki. Steroidi ndiyo inayokudanganya mwanzoni. Haidrokwinoni ikipakwa kwa miaka huweza kuacha weusi wa kibluu usiotoka kirahisi, na zebaki hupenya ngozi ikaumiza figo.

Hali yenyewe inaitwa melasma. Homoni za mimba na za vidonge vya majira, yaani estrojeni na projesteroni, huziamsha seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, kisha jua huzichochea. Kwa hiyo kupaka dawa bila kujikinga na jua ni kuteka maji kwa pakacha. Na sisi weusi tusijidanganye kwamba ngozi yetu inatosha: hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho hukoleza mabaka, na mafuta mengi meupe ya kukinga jua hayauzuii vizuri. Tafuta yenye rangi kama fondesheni, yaliyotiwa oksidi ya chuma, SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi. Paka kila asubuhi, rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na jitande mtandio. Joto la jiko la mkaa nalo usilidharau.

Mimi, baada ya kushauriana na nesi, niliacha vidonge nikawekewa kitanzi cha shaba kisicho na homoni. Daktari alinipa dawa ya kupaka, asidi ya azelaiki, ambayo hata mjamzito huruhusiwa. Tretinoini, dawa nyingine ya kupaka, mjamzito asiiguse. Ilichukua miezi minne kuona nafuu.

Sasa nina miaka 47, hedhi inaruka, na mashavuni vimeanza vinundu vidogo vyeusi kama vya mama. Hivyo ni vya ukoo, havina madhara, usivikwangue. Lakini doa linalobadilika umbo au kutoa damu, hasa la unyayoni au chini ya kucha, lipeleke hospitali wiki hiyohiyo.