Mwambieni Mtoto Kwamba Baba Yake Yuko Gerezani

Mzazi akifungwa huku kwetu, kikao cha kwanza cha familia huwa ni cha wakili, nauli na nani atakwenda kumwona. Kikao cha pili ni cha kupanga watoto wadanganywe vipi. Mtwara na Lindi uongo huo tunaujua: baba kaenda Dar kutafuta maisha, baba kavuka Ruvuma yuko Msumbiji, baba kapelekwa hospitali ya mbali. Nimevikalia vikao hivyo mume wa mdogo wangu alipohukumiwa miaka mitatu kwa kesi ya korosho zilizoibwa ghalani, akaacha mtoto wa kiume darasa la pili na wa kike ambaye hajaanza shule. Mimi ni mama mkubwa wao. Nimewalea bega kwa bega na mama yao muda wote huo, na ushauri wangu kwa familia yoyote iliyofikwa na jambo hili ni kwamba mtoto aambiwe ukweli, aambiwe mapema, na aambiwe na mtu wake. Mengine yote nitakayoyasema yanaanzia hapo.

Bibi yao alikataa katakata. "Mtoto mdogo hivyo utamwambiaje baba'ke mfungwa? Mwacheni akue kwanza." Ilikuwa ni huruma ya bibi, wala simlaumu. Lakini kijijini hukumu haifichiki. Ikisomwa asubuhi, mchana wa bodaboda wanayo, jioni iko kisimani, na watoto wa wanaochota maji wanalala nayo. Mtoto wako atajua tu. Kilichobaki mikononi mwako ni kuchagua kama atajulia kwenye mkeka, mama yake amemshika, au atajulia uwanjani siku wanagombania mpira.

Tulipomkalisha yule wa kiume ndipo lilipotoka lililokuwa moyoni mwake. Asubuhi askari walipokuja, yeye ndiye waliyemkuta uani. Wakamuuliza baba yuko wapi, naye akawaonyesha kwa kidole: kule nyuma, kwenye mikorosho. Tangu siku ile alikuwa hali vizuri, amerudi kukojoa kitandani, na pikipiki ikisimama njiani anakimbilia ndani. Mtu angedhani anamkumbuka baba yake basi. Kumbe mtoto wa miaka minane alikuwa amejihesabu kwamba yeye ndiye aliyemfunga baba.

Mama yake akamwambia, "Askari walikuja na jina la baba limeandikwa. Hata ungekuwa shuleni wangempata. Wewe umejibu ulichoulizwa na mtu mzima. Baba amefanya kosa, na kosa ni la baba." Mtoto akauliza tena, akajibiwa vilevile. Usiku akauliza tena, akajibiwa vilevile. Sasa fikiria angekuwa ameambiwa baba yuko Msumbiji. Lile jambo la kidole angelisema kwa nani? Watu wazima wote nyumbani wangekuwa wameshamwambia kwamba siku ile halikutokea lolote.

Maneno ya kumwambia yawe machache, ya kiasi cha umri wake. Kwa mdogo inatosha: "Baba alivunja sheria. Hakimu amesema akae gerezani kwa muda. Yuko hai, analala, anakula. Hakuondoka kwa sababu yako. Sisi tupo na tutakulea." Mkubwa atataka zaidi, na akitaka kujua kosa lenyewe, mweleze bila chumvi. Usimwambie baba kaonewa kama huna hakika kaonewa, na usimtukane baba mbele yake hata kama wewe mwenyewe umeumia. Tarehe ya kutoka usiahidi. Kifungo kinachozidi mwezi mmoja huwa na punguzo la theluthi moja kwa mwenye nidhamu, kwa hiyo miaka mitatu huweza kuwa miwili, lakini ulizeni gerezani kwanza. Kila ifikapo 9 Desemba na 26 Aprili familia nyingi husikiliza redio kusubiri msamaha wa Rais. Sikilizeni ninyi wakubwa. Mtoto asilazwe na matumaini ambayo kesho mtashindwa kumpa.

Kumjulisha mtoto alipo mzazi wake ni haki yake pia. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika ibara ya 9 kwamba mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuendelea kuonana na kuwasiliana naye, isipokuwa kama itamdhuru, na kwamba utengano ukitokana na kifungo, Serikali iseme mzazi yuko wapi familia ikiuliza. Kwa hiyo mzazi akihamishwa gereza, nendeni mkaulize alikopelekwa bila kuona haya.

Mpelekeni akamwone. Awe Lilungu hapa Mtwara mjini, awe Masasi, Nachingwea au Lindi, siku za kuonana na utaratibu viulizwe kabla ya kupanda gari, kwa sababu wa mahabusu na wa aliyekwishahukumiwa haulingani, na chakula kinachopokelewa kwa mmoja kwa mwingine kinarudishwa. Kumbuka nauli ya mtoto na uji wa kusubiria. Halafu mwandaeni. Sisi tulimweleza yule wa kiume usiku mmoja kabla: utamkuta baba amenyolewa, amevaa nguo za gereza, kutakuwa na askari karibu, tutaongea muda mfupi, na tutarudi bila yeye. Hilo la mwisho lirudieni hadi limkae, maana watoto wengi huenda wakiamini wanakwenda kumchukua. Yule wa kike, baada ya kumtazama baba yake kimya kitambo kirefu, alichouliza ni kama humo ndani ana chandarua. Baba akasema anacho. Akatulia, akaanza kusimulia habari za kuku.

Kama kuna kizuizi kati yenu, mwombeni ofisa kwa adabu mtoto amshike baba mkono. Wakati mwingine wanakubali, wakati mwingine hapana. Kuomba si kosa. Na mtoto asiyetaka kwenda asiburuzwe. Aandike barua, au achore. Barua zinapitiwa kabla ya kumfikia mfungwa, kwa hiyo ziwe za mambo ya nyumbani tu, na zitamtosha. Sisi tulikuwa tunampelekea nakala ya matokeo ya shule. Baba akajibu kwa mwandiko wake kwamba hesabu zimeshuka na anataka kujua kwa nini. Mtoto alikwenda na ile karatasi shuleni ndani ya daftari kama hirizi.

Shuleni mchagueni mwalimu mmoja, wa darasa au wa malezi, mumwambie ana kwa ana. Mmoja anatosha, na mwombeni yasitoke kwake. Ada ilifutwa shule za Serikali tangu 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na cha sita, lakini kuna michango ya chakula, sare na madaftari, na mwalimu anayejua hali ya nyumbani hamsimamishi mtoto mbele ya wenzake kwa mchango uliochelewa. Mwalimu huyo huyo ndiye atakayezima maneno ya "mtoto wa mfungwa" yakianza. Yakizidi, zungumza na mwalimu mkuu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa kuzaliwa kwake wala kwa hali nyingine yoyote.

Sasa korosho, na hapa naomba akina mama mnisome taratibu. Mikorosho mingi imeandikishwa kwa jina la baba. Salfa ya ruzuku, dawa ya kupulizia mikorosho, inatolewa kwa aliyeko kwenye daftari la wakulima, na msimu ukifunguliwa Oktoba, mzigo unapokelewa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwa jina hilo na fedha za mnada zinaingia kwenye akaunti ya jina hilo. Baba akiwa ndani, korosho zinauzwa halafu hela haishikiki. Wenye kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo kwa bei ya kutupa, wanalijua hilo vizuri. Wanakuja mapema, njaa ikiwa imebana na watoto hawana viatu, wanampa mama visenti kwa korosho ambazo bado ni maua. Mama mwenye aibu, anayemficha mumewe aliko, ndiye wanayempata kirahisi, kwa sababu hawezi kwenda ofisi yoyote kueleza kwa nini mwenye shamba haonekani.

Mdogo wangu alikwenda. Alimwona mtendaji wa kijiji akapata barua, mumewe akaandika gerezani kwamba shamba lihudumiwe na mkewe na mavuno yauzwe kwa jina la mke huyo, ofisa wa gereza akashuhudia, na karatasi hizo akazipeleka AMCOS kabla daftari halijafungwa. Ilichosha, na kuna mahali alizungushwa na kuambiwa arudi kesho mpaka machozi yakamtoka. Alirudi hiyo kesho. Anzeni mapema, ikiwezekana kabla ya kupulizia, msisubiri Oktoba. Na ndugu wa mume wasije kuvuna kwa kisingizio kwamba shamba ni la kaka yao; watoto wa mwenye shamba wapo na wanakula humo. Likitokea, pelekeni kwa mtendaji, na likikwama huko ulizeni wasaidizi wa kisheria wa wilayani. Huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo, kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Kipindi hicho hicho atatokea mtu mwema. "Mama, mzigo umekuelemea, nipe huyo binti nikamsomeshe Dar." Wapo wa kweli, hasa ndugu wa karibu mnaowajua nyumba zao. Lakini mabinti wa kusini wangapi tumewapeleka kusoma wakaishia kufua na kubeba watoto wa wenzao? Mtoto wa mfungwa ndiye anayeombwa zaidi, kwa sababu wanajua hakuna baba wa kuja kuuliza. Asitoke kijijini bila mtendaji na afisa ustawi wa jamii kujua anakwenda kwa nani, nyumba ipi, shule ipi. Ukiona mtoto wa namna hiyo anateswa au anafanyishwa kazi, piga 116, ni simu ya mtoto na haitozwi, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii anayeona haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa.

Kwa watu wetu wa mirathi ya kikeni, ambao ukoo hufuata upande wa mama, mjomba hana udhuru katika jambo hili. Wa kwetu alitimiza. Likizo ya Juni ilipokaribia na wenzake wakaanza kutajwa kwa jando, mtoto alikuwa anauliza pembeni nani atamsimamia. Mjomba wake alikwenda gerezani, akakaa mbele ya shemeji yake, akamwomba ruhusa na radhi kama ilivyo desturi, kisha akaja kumwambia mtoto, "Baba yako amesema nikusimamie mimi." Mtoto alikwenda jandoni akijua baba amesema.

Anayefungwa akiwa mama, mambo hubana zaidi, kwani mara nyingi watoto wote walikuwa mikononi mwake. Mwambieni wakili au msaidizi wa kisheria aieleze mahakama hali ya watoto kabla ya adhabu kutamkwa: ni wangapi, nani ananyonya, nani atabaki nao. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, ibara ya 30, unataka mama mjamzito au mwenye watoto wadogo afikiriwe kwanza adhabu isiyo ya kifungo, na Tanzania imeuridhia tangu 2003. Nchini pia tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, inayomruhusu mwenye adhabu isiyozidi miaka mitatu kuitumikia akiwa nje, afisa wa huduma kwa jamii akiandika ripoti nzuri. Yote haya hayajiombi yenyewe. Mtu asimame aombe. Anayenyonya anaweza kuingia na mama yake gerezani hadi aachishwe ziwa, kisha anakabidhiwa kwa ndugu walio tayari kumlea, au kwa ustawi wa jamii wasipokuwepo. Basi ndugu waanze kumzoea mtoto huyo angali ndani, waende wambebe, wacheze naye, ili siku ya kukabidhiwa asipokelewe na sura ngeni. Cheti chake cha kuzaliwa kifuatiliwe mapema.

Mwaka wa mwisho wa kifungo uanzeni na maandalizi ya kurudi. Mtoto aliyeachwa na miaka minne humkumbuka baba kwa kusimuliwa zaidi kuliko kwa kuona, naye baba hurudi akitaka kukumbatiwa getini na kutiiwa siku hiyo hiyo. Mwambieni baba, kwenye ziara za mwisho, kwamba binti yake sasa anakwenda shule mwenyewe, anapenda nini, anaogopa nini, na kwamba kwa wiki za mwanzo maamuzi ya shule na adhabu ayaache kwa mama. Mwalimu mliyemwambia mwanzo aambiwe na mwezi wa kutoka. Watoto waelezwe atalala wapi na nani atahama chumba, na akirudi akikaa siku mbili tatu bila kusema mengi, wajue kwamba hajawakasirikia.