Maswali ya Wasomaji: VLAN inayokwama njiani

SWALI: Ghala letu la korosho hapa Masasi lina swichi mbili za mtandao za Cisco, moja ofisini na nyingine chumba cha mizani. Tuna VLAN mbili, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya swichi hizo hizo: VLAN 10 ni ya utawala, VLAN 20 ni ya mizani. Zilifanya kazi vizuri tangu mwezi uliopita, ila juzi umeme ulipokatika na kurudi, kompyuta za mizani zikaanza kuonyesha anwani ya 169.254. Za VLAN 20 zilizo ofisini hazina shida, na VLAN 10 inapatikana pote. Tumeshabadilisha waya mara mbili.

JIBU: Waya uacheni. Kama VLAN 10 inapita humo humo, waya hauna kosa. Anwani ya 169.254 kompyuta hujipa yenyewe inapoomba kwa DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao, na kukosa jibu. Ruta na DHCP nazo ziko sawa, maana VLAN 20 ya ofisini inapewa anwani. Kinachobaki ni tranki, yaani kiungo kati ya swichi mbili.

Umeme ndio uliotoboa siri. Inaelekea fundi aliiruhusu VLAN 20 kwenye tranki akasahau kuhifadhi, na swichi ilipowaka upya ikasoma mipangilio ya zamani. Andikeni kwenye swichi zote mbili:

show interfaces trunk

Tazameni orodha ya VLAN zilizoruhusiwa. Pande zote mbili lazima zionyeshe 10 na 20. Upande mmoja ukikosa 20, haipiti. Tuseme poti ya tranki ni g0/1, rekebisheni upande wenye pengo:

configure terminal
interface g0/1
switchport trunk allowed vlan add 20
end

Neno add lisisahaulike hata kidogo. Mkiandika allowed vlan 20 bila add, swichi haiongezi: inafuta orodha yote na kubakiza 20 peke yake. VLAN 10 inakatika, na kama mmeingia kwenye swichi ya mizani kupitia VLAN 10, mmejifungia nje. Ndiyo maana ni heri kutumia kebo ya konsoli, inayounganisha kompyuta na swichi moja kwa moja bila kupitia mtandao. Ikibidi kufanya kwa mbali, tangulizeni reload in 10: mkikwama, swichi itajizima na kuwaka baada ya dakika 10 ikiwa na mipangilio iliyohifadhiwa. Mkifanikiwa, andikeni reload cancel.

Kwenye kompyuta ya mizani andikeni ipconfig /renew. Ikipata anwani, hifadhini kwenye swichi:

copy running-config startup-config

Ikigoma bado, angalieni kwa show vlan brief kama VLAN 20 ipo kwenye swichi ya mizani na poti za kompyuta zimo ndani yake.

SWALI: Tuko Lindi mjini. Tumevuta kebo ya Cat6 mita 130 kutoka ofisi hadi stoo, mtandao unakuja na kukatika. Tubadilishe swichi?

JIBU: Hapana. Kebo ya shaba mwisho wake ni mita 100, pamoja na vipande vya kuunganishia kwenye pande zote mbili. Wekeni faiba (kebo ya nyuzi za kioo) ya modi moja na SFP, yaani vifaa vya kuchomeka faiba kwenye swichi, za aina moja pande zote, mradi swichi zenu zina nafasi za SFP. Faiba isiyo na waya wa chuma ndani haipitishi umeme, kwa hiyo radi ikipiga stoo haitafuata kebo hiyo hadi ofisini.