Tuache kupiga picha za migongo ya kasa

Kila nikioneshwa picha na watu waliotoka kuogelea Chole Bay pale Mafia nakuta ileile: mgongo wa kasa, chini majani ya bahari, rangi ya kijanikijani, basi. Hata mi nilikua napiga hizohizo, folda nzima imejaa, nikawa najua shida ni kamera. Kumbe sio kamera jamani, ni vile tunaelea juu alafu tunaelekeza lensi chini kama mtu anachungulia kisima.

Shuka. Kwangu hilo ndo kubwa kuliko yote. Vuta pumzi, zama mita 2 au 3 (usiende peke yako, mwenzio abaki juu anakuangalia), uwe usawa wa jicho lake au chini kidogo ndo uinue kamera. Ukiwa juu kasa anamezwa na yale majani maana gamba lake nalo rangi haiko mbali, ila ukimpata kwa chini nyuma yake kuna bluu tupu na mwanga, jicho linaonekana, mapezi yamefunguka kama mbawa. Na ukitazama juu kabisa utaona duara la mwanga, mbingu yote imejikusanya humo mpaka boti yenu, sasa kasa akipita katikati ya lile duara anageuka kivuli cheusi, yaani hata simu iliyo kwenye kava ya maji inatoa kitu cha maana.

Utajuaje atapita hapo? Kasa lazima apande kuvuta hewa. Akiwa anakula we tulia pembeni, mbali, akianza kunyanyua kichwa ujue anapanda, hapo ndo ushuke, ila njia yake ya juu muachie wazi. Kumkimbiza hapana, utapata mkia tu na unamchosha, inaniuma sana nikiona watu kumi wamemzunguka mnyama anayetafuta pumzi. Na matumbawe hayakanyagwi, hata picha iwe nzuri vipi.

Zoom isahau. Maji yanadanganya macho, kitu kiko mita 4 unakiona kama kiko mita 3, na maji yote yaliyo katikati yanakula rangi, nyekundu ndo inaanza kufifia. Bora lensi pana na uvumilivu, asogee mwenyewe. Flash iliyo kwenye kamera izime, itamulika vumbi lote la majini picha ijae madoa meupe, we weka jua mgongoni kwako ukitaka rangi.

Alafu uliza manahodha maji yanajaa saa ngapi. Yakijaa maji safi ya nje yanaingia ndani ya ghuba, yakipwa yanatoka na tope la mikoko, na siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) mkondo unakua mkali huwezi hata kutulia upange picha.

Kwa potwe, yule papa mkubwa mpole, upande wa Kilindoni hukohuko Mafia, kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi, mambo ni tofauti kidogo maana anakula juujuu na maji yenyewe yamejaa vijidudu anavyokula, huoni mbali. Hapo usizame chini yake, na usimsogelee chini ya mita 3. Kaa ubavuni, mbele kidogo ya kichwa, na kwenye fremu muachie nafasi kule anakoelekea, mdomo ukiwa wazi. Ile ninayoipenda kuliko zote niliipata hivohivo, robo tatu ya picha ni maji matupu ya kijani na yeye ndo kwanza anaingia kutoka kushoto.