Mtoto Amelala, Mama Bado Macho

Safu ya Maswali na Majibu: Afya ya Mama na Mtoto

SWALI: Shikamoo mama mshauri. Mimi ni mama wa miaka 23, ninaishi Igombe hapa Mwanza, na mwanangu wa kwanza ana wiki 7. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Siku za giza hutoka jioni na kurudi alfajiri, nami nabaki peke yangu na mtoto. Anaamka kila baada ya saa moja na nusu au mbili, na jioni hulia mfululizo hata nikimbeba. Majirani wanasema ana chango, wengine wanasema maziwa yangu ni mepesi nimwanzishie uji, na muuzaji wa duka la dawa alinishauri nimpe dawa ya mafua kidogo ili alale. Kinachonitisha zaidi ni mimi mwenyewe. Siku hizi hata mtoto akilala nabaki macho nikisikiliza anavyopumua. Nalia bila sababu, chakula hakipiti, na wiki iliyopita, nikiwa nimesimama na mtoto juu ya mawe kando ya ziwa, lilinijia wazo kwamba ninaweza kumwachia akaanguka. Nilikimbia hadi nyumbani nikitetemeka. Sijamwambia mtu yeyote. Je, mimi ni mama mbaya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, wewe si mama mbaya, na nimeisoma barua yako mara tatu kabla ya kuandika neno hili ili niwe na hakika ninalijibu swali lako kwa uzito linaoustahili. Mawazo ya ghafla ya mtoto kudhurika, hata kudhurika kwa mkono wa mama mwenyewe, huwajia wazazi wengi wapya, ila kwa kuwa kila mmoja huyaficha, kila mmoja hudhani ni yeye peke yake. Wazo lilikuja bila kuitwa, likakutisha, ukamkumbatia mwanao na kukimbia. Huyo ni mama anayemlinda mtoto wake. Pamoja na hayo, sitaki ulibebe jambo hili peke yako hata kwa wiki moja zaidi. Ukimaliza kusoma, mweleze mtu mmoja unayemwamini, na kesho uende kliniki yenu usisubiri tarehe ya chanjo.

Nianze na mtoto, kwa sababu upande wake unanitia wasiwasi kidogo kuliko wako. Mtoto mchanga hulala jumla ya saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini huzilala vipande vipande, kwa kuwa mwili wake bado haujajifunza kutofautisha usiku na mchana. Ujuzi huo huanza kujengeka anapofikia miezi 2 au 3. Tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama husagika haraka, na kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku moja ni jambo la kawaida kabisa. Kile kilio cha jioni nacho huongezeka tangu wiki za mwanzo, hufika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha hupungua taratibu hadi mtoto anapofikisha miezi 3 au 4, awe wa Igombe au wa nchi nyingine yoyote. Wazee wetu wamekiita chango, nami sina ugomvi na jina hilo, mradi lisitumiwe kumlisha mtoto vitu visivyomfaa.

Uji usimpe. Kabla ya miezi 6 haumletei usingizi. Humletea kuharisha, na kila anaposhiba uji hunyonya kidogo, na anaponyonya kidogo maziwa yako hupungua kweli, hata maneno ya majirani yakaonekana kuwa sahihi. Ushahidi wa kwamba maziwa yanatosha upo kwenye kadi yake ya kliniki: ikiwa uzito unapanda na nepi zinalowa mara 6 au zaidi kwa siku, maziwa yako si mepesi. Kuhusu dawa ya mafua, ninakuomba kwa msisitizo wote usimpe hata tone moja kwa nia ya kumlaza. Dawa hizo zinaweza kupunguza nguvu ya kupumua ya mtoto mchanga, na usingizi wake si usingizi bali ni kulevywa. Na kama mtoto ana homa, anakataa kunyonya, anapumua kwa shida, amelegea au amepata degedege, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo, uwe usiku au mchana.

Jambo moja dogo linaweza kukusaidia usiku huu. Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni usingizi mwepesi ambao ndani yake hujinyonganyonga, huguna, hata hulia kidogo macho yakiwa yamefumba. Mama aliyechoka na mwenye hofu humwinua mara moja, na hapo ndipo mtoto anapoamka kweli. Subiri kidogo, sikiliza, umwekee mkono kifuani. Mara nyingine ataendelea kulala.

Sasa tuje kwako. Kuna swali moja ninalowauliza akina mama wote wanaolalamikia usingizi: mtoto akilala, na mtu mwingine akamshika, wewe unalala? Mama aliyechoka tu hujibu kwamba anasinzia hata akiwa amekaa mbele ya bakuli la supu. Mama ambaye uchovu umeshamgeuka na kuwa ugonjwa hujibu kama ulivyoandika wewe, kwamba nafasi ya kulala ipo lakini usingizi hauji. Ndiyo maana nimekuambia uende kesho. Kulia na kuvurugika moyo katika siku za mwanzo, kuanzia karibu siku ya 3 baada ya kujifungua, huwapata akina mama wengi na hupita ndani ya wiki 2. Wewe uko wiki ya 7, huli, hulali, na machozi hayakatiki. Dalili hizo zinafanana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ya baada ya kujifungua, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Kwenye foleni ya kupima uzito, mwenzako mmoja au wawili huenda wanabeba mzigo huohuo huku wakikusalimia kwa tabasamu.

Usingizi na sonona hulishana. Mtu anayekatizwa usingizi kila baada ya saa mbili, usiku baada ya usiku, hukosa ule usingizi mzito unaotuliza akili; hofu hukua, uvumilivu hupungua, mambo madogo huonekana kama milima. Hofu ikishakomaa huuzuia usingizi hata pale nafasi inapopatikana. Kukuambia "jikaze" ni kumwambia mtu anayezama apumue vizuri.

Ukifika kliniki, sema wazi: "Silali hata mtoto akilala, na ninapata mawazo yanayonitisha." Huenda ukaulizwa maswali 10 mafupi kuhusu siku 7 zilizopita; ni kipimo kilichotengenezwa Uingereza mwaka 1987, na kinatumika katika nchi nyingi. Jibu kwa ukweli, hasa lile la mwisho kuhusu kujidhuru. Waombe pia wakupime wingi wa damu, kwa maana upungufu wa damu baada ya kujifungua huleta uchovu unaofanana sana na sonona. Tiba ipo. Nchini Pakistani, wahudumu wa afya wa vijijini, ambao si madaktari, walifundishwa kuwatembelea na kuzungumza kwa utaratibu maalumu na akina mama wenye sonona. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba mtoto alipofikia miezi 6, akina mama waliokuwa bado na sonona walikuwa asilimia 23, ilhali kwa wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo walikuwa asilimia 53. Ikihitajika dawa, zipo ambazo mama anaweza kutumia huku akinyonyesha, kama vile setralini, ambayo hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, hivyo usiache kunyonyesha kwa kuogopa tiba. Zahanati ikishindwa, watakupa rufaa ya kwenda hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando.

Wakati huohuo nyumba yenu ibadilike, na hapa ninamsemesha mumeo pia. Baba, dagaa hufuata taa gizani, na mbalamwezi inapowaka mnapumzika nchi kavu. Basi siku hizo za mbalamwezi, usiku uwe wako. Mama anyonyeshe saa 3, akalale chumba kingine au kwa jirani kama chumba ni kimoja, nawe umbebe mtoto, umbadilishe, umtulize hadi saa 8. Mtoto akihitaji maziwa katikati, mama anaweza kuwa ameyakamua mapema kwenye kikombe safi chenye mfuniko. Katika chumba kisicho na joto kali hukaa salama kwa muda wa saa 4. Ninataka alale angalau saa 4 au 5 bila kukatizwa, kwa sababu vipande sita vya dakika arobaini havifanyi kazi ya usingizi mmoja ulionyooka. Siku za giza, mama yake mzazi, mdogo wake au jirani mmoja aje alale pale. Akikosekana kabisa, wewe ukishapumzika baada ya kurudi, umchukue mtoto mchana, umtoe nje ya nyumba, ili mama yake asisikie sauti yake. Ninajua utakuwa umechoka na nyavu. Lakini mkeo naye anakesha, na yeye hana mbalamwezi ya kupumzika.

Mlaze mtoto chali, ndani ya chandarua chenye dawa, bila mito laini karibu na uso wake. Asilale kitanda kimoja na mtu aliyekunywa pombe au anayevuta sigara. Na ikifika saa ambayo kilio kimekuzidi, mweke mahali salama chali, toka mlangoni upumue dakika chache, kisha urudi. Usimtikise mtoto kamwe, kwa kuwa ubongo wake huumia.

Neno la mwisho ni la wote walio karibu nawe. Ukianza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, ukaamini kwamba mtoto si wako au ana kitu kibaya ndani yake, ukakesha bila hata kuhisi uchovu huku maneno yakikutoka ovyo, au lile wazo la ziwani likageuka kuwa amri au nia, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Hali hiyo ya wazimu wa baada ya kujifungua ni adimu, huwapata mama 1 au 2 katika kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki 2 za mwanzo, na hutibika. Kwetu wengi huiita mashetani na kupoteza siku wakizunguka. Wanaotaka kuomba waombe, ila maombi yaendelee wakiwa njiani kuelekea hospitali, na mama asiachwe peke yake, wala peke yake na mtoto.

SWALI: Mimi ni bibi wa wajukuu wanne, naandika kutoka Sengerema. Mke wa mwanangu amejifungua mwezi uliopita na nimekuja kumsaidia. Ananiomba nimshike mtoto usiku ili yeye alale. Sisi tulizaa watoto saba na hatukumwomba mtu usingizi. Je, huu si uvivu?

JIBU: Shikamoo mama. Nimefurahi kwamba umeuliza badala ya kuhukumu, na naomba nikukumbushe jambo ambalo huenda umelizoea hadi hulioni tena. Siku zile arobaini zako, nani alichota maji? Nani alikoroga uji wako, nani alimbeba mtoto mgongoni ukiwa umelala baada ya kukandwa? Alikuwapo mama mkwe, alikuwapo wifi, walikuwapo wake wenza au majirani waliokaa ua mmoja nawe. Hukuomba usingizi kwa sababu uliletewa bila kuomba. Mkwe wako ana wewe tu, na amekuwa na ujasiri wa kusema anachokihitaji. Ningekuwa na hofu zaidi kama angenyamaza.

Mshike mjukuu wako, mama. Kama usiku unakuchosha, na umri una haki yake, mchukue alfajiri baada ya kunyonya, saa 11 hadi saa 3 asubuhi, na mkwe wako afunge mlango. Ukiona kwamba hata baada ya kupewa nafasi hiyo bado hapati usingizi, au hataki kumtazama mtoto, au anasema ninyi nyote mngekuwa na nafuu bila yeye, usimwache peke yake hata kidogo. Umpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, umshike mkono wewe mwenyewe.

SWALI: Ninafanya kazi kiwandani, Mwanza. Likizo yangu ya uzazi inaisha baada ya wiki 2, na mwanangu wa wiki 10 bado anaamka mara tatu usiku. Ninaogopa nitasinzia kwenye mashine. Nimwachishe ziwa la usiku?

JIBU: Usimwachishe, dada yangu. Katika umri huo ziwa la usiku bado ni chakula chake, na baadhi ya watoto ambao mama zao wako kazini mchana hunyonya zaidi usiku ili kufidia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ukirudi kazini inakupa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Wanawake wengi hawazitumii kwa sababu hawajui kwamba zipo. Mwandikie mwajiri barua sasa, kabla hujarudi, ueleze unazitaka saa ngapi. Wanaokaa karibu na kazi huzigawa mara mbili, na wanaokaa mbali huomba kutoka mapema. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukinyimwa, ipeleke kwa afisa kazi.

Katika wiki hizi 2 zilizobaki, mzoeshe mtoto kunywa kwa kikombe mikononi mwa yule atakayebaki naye, na mgawane usiku na baba yake: yeye aamke kila mara, amkague na kumbadilisha, akuletee mtoto kitandani ukiwa umelala ubavu, kisha amrudishe mahali pake. Kama kazi yako ni ya mashine inayokata au kuponda, mweleze msimamizi wako mapema na uombe kazi nyingine kwa wiki za mwanzo.