Kuwasaidia majirani wazee na wagonjwa: anzeni na jengo moja, si mtaa mzima

Ndugu uliyeuliza namna ya kupanga watu wa kujitolea kuwahudumia wazee na wagonjwa wanaoishi peke yao mjini: punguza ahadi. Vikundi hivi havifi kwa kukosa watu wenye moyo. Vinakufa kwa sababu vimeahidi kila kitu siku ya kwanza, na wiki ya tatu bibi wa ghorofa ya nne amekaa dirishani akimsubiri mtu asiyekuja. Aliyeachwa hivyo mara moja haombi tena.

Chukueni kaya thelathini hivi. Piteni wawili wawili, mchana, na karatasi ya herufi kubwa yenye namba ya simu na kazi tatu tu: kununua mahitaji, kuchukua dawa, kupiga simu ya kujulia hali. Tangazo la kwenye kundi la simu halimfikii asiye na simu ya kisasa, na mara nyingi huyo ndiye mnayemtafuta. Usimuulize kama anahitaji msaada, maana wengi wataona haya na kukataa. Mwambie, "Alhamisi naenda sokoni, nikuletee nini?"

Kila mhitaji awe na watu wawili, wa zamu na wa akiba. Mmoja asibebe zaidi ya nyumba mbili au tatu. Mwenye udhuru ampigie wa akiba moja kwa moja, kwani akiandika kwenye kundi "nani ataenda?", kila mtu atadhani mwenzake ameshaitikia.

Kwenye fedha kuweni wakali. Pesa taslimu ihesabiwe mbele ya mwenyewe, kiasi kiandikwe juu ya bahasha, chenji na risiti virudi ndani ya bahasha hiyohiyo. Usipokee kadi ya benki wala namba ya siri hata akikubembeleza, kwa sababu siku pesa itakapopungua, hata kwa kosa lake mwenyewe, kila anayeijua namba hiyo atashukiwa. Pia usitangulize pesa yako. Deni dogo humtia mzee aibu, na aibu hiyo ndiyo inayomfanya asifungue mlango.

Dawa: nenda na cheti au pakiti ya zamani, ulinganishe jina, miligramu na tarehe ya kuisha muda kabla hujaondoka kwenye dirisha la dawa. Ukipewa yenye jina tofauti, mfamasia ndiye amweleze mgonjwa, hata kwa simu. Wewe usieleze dozi. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Isigusane na barafu, kwani ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka tena.

Simu ya kujulia hali ipigwe saa ileile kila siku. Asipopokea, rudia baada ya dakika 15, kisha kagonge mlango, kisha mtafute mwenye ufunguo wa akiba. Mwenye ufunguo na ndugu wa kuarifiwa waandikwe siku ya kwanza kabisa, si siku ya tatizo. Ukimkuta ameanguka, usimvute mikono. Muulize panapouma. Kama ni shingo au nyonga, au amegonga kichwa, hasa akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, ita gari la wagonjwa, mfunike blanketi na ukae naye. Siku za joto kali usiishie kuuliza "hujambo"; uliza amekunywa glasi ngapi tangu asubuhi, kwa kuwa uzeeni kiu huchelewa kuhisiwa.

Mratibu abaki na daftari moja la majina, zamu na namba. Habari za ugonjwa wa mtu zisipelekwe kwenye kundi, hata kwa nia ya kumwombea, mpaka mwenyewe akubali.

Mjitolea anayeacha ampeleke mrithi wake mlangoni walau mara moja, wakae wote watatu. Mzee hamfungulii sura asiyoijua, na afadhali iwe hivyo.