Kushindana Katika Mbio Zenye Wakimbiaji Wachache

Katika mbio za kilomita 21 au 42 ambazo washindani wake hawafiki mia moja, kama zile zinazoandaliwa na parokia, shule au kikundi cha vijana, wakimbiaji huachana mapema, na asiyejipanga hujikuta peke yake barabarani kabla ya kilomita ya tano. Nimeshindana katika mbio za namna hii kwa miaka mingi, hapa Nakuru ninapoishi na vilevile Kisumu na Kakamega, na ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba achague mapema atakayekimbia naye, kwa kuwa uamuzi huo una uzito kuliko kasi aliyoipanga nyumbani.

Uchaguzi huo huanza wakati wa kupasha misuli moto. Hapa kwetu hata mbio ndogo huwa na vijana kadhaa wanaotegemea riadha kwa riziki yao, na hao huondoka kwa kasi ambayo mtu anayefanya mazoezi baada ya kazi hawezi kuihimili. Waache waende. Salimiana na waliobaki, waulize wanakusudia kumaliza kwa muda gani, kisha simama karibu na wawili au watatu ambao majibu yao yanakaribiana na uwezo wako. Kwa maoni yangu ni heri kupunguza kasi kwa sekunde tano katika kila kilomita ili ubaki na wenzako, mkipokezana kukaa mbele na kukingana upepo, kuliko kukimbia kwa kasi uipendayo ukiwa pekee. Lakini tofauti ikiwa ya sekunde kumi na tano, hao si wenzako, nawe usijilazimishe.

Zingatia pia mwenzako ametoka wapi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, iko takriban mita 1,130. Anayeshuka kutoka huku kwetu hadi ziwani hupumua kwa urahisi katika kilomita za mwanzo, kwa sababu kila pumzi humpa oksijeni zaidi, na wepesi huo humshawishi aongeze kasi. Joto na unyevu humpata baadaye, jua likishapanda, maana jasho halikauki upesi na mwili hushindwa kujipoza. Kwa hiyo ukiwa Kisumu mfuate mwenyeji, hata akionekana kwenda polepole mno. Katika njia zinazopanda kuelekea Menengai, mlima wa volkeno ulio karibu na Nakuru, ambako ukingo wa kreta hufika mita 2,278, mgeni kutoka ziwani ndiye anayepaswa kumfuata mtu wa Nakuru.

Kwa wanawake jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mara nyingi huanza pamoja na wanaume. Kukimbia nyuma ya wanaume kunasaidia kiasi kwamba Shirikisho la Riadha Duniani huweka rekodi mbili za marathoni ya wanawake, moja ya mbio za mseto na nyingine ya mbio za wanawake pekee. Hata hivyo, mwanamke aliyezingirwa na wanaume huweza kupoteza hesabu ya wapinzani wake halisi, na zawadi hutolewa kwa nafasi. Dada, mwombe ndugu yako asimame mahali njia inapogeuka, akutajie nafasi yako na umbali wa aliye mbele.

Muda wa saa usikusumbue sana. Njia ya mbio rasmi hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, kazi ambayo waandalizi wa mbio ndogo wengi hawawezi kuigharamia, hivyo nusu marathoni yao yaweza kuwa fupi au ndefu kuliko kilomita 21.0975. Anayetaka kujua kama ameimarika amtazame mpinzani anayekutana naye mara kwa mara.

Siku moja kabla ya mbio, ipitie njia kwa bodaboda na uzikariri njia panda zote, kwani ukibaki pekee hutakuwa na wa kumfuata, na msimamizi huenda ameshaondoka. Beba maji yako mwenyewe. Pale ambapo barabara haijafungwa, kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokujia.